Mbu wa Gdańsk ambaye si mbu

Nianze na nge, maana ndiye aliyenitia hasara. Mwaka juzi niliagiza mtandaoni kipande cha kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, chenye nge ndani. Duka silitaji. Kilikuja ndani ya kiboksi cha mahameli, nge kakaa katikati sawia, mkia umepinda vizuri, makoleo yote mawili wazi kama vile kaambiwa akae apigwe picha. Nikakoroga vijiko saba vya chumvi kwenye jagi la nusu lita, nikamtosa. Tubwi, hadi chini. Kaharabu ya kweli huelea kwenye maji ya chumvi kali. Ile ilikuwa plastiki na nge wa juzijuzi.

Kwa hiyo shemeji yangu ambaye ni baharia, meli yao ilipokuwa inaelekea Gdańsk, Poland, nilimpa maagizo ya ajabu: nenda mtaa wa Mariacka, kule maduka ya kaharabu yamepangana mlango kwa mlango, usininunulie kizuri. Nataka kichafu, chenye mdudu mdogo. Akanijibu, "Shemeji, mbona wenzako wanaagiza simu?" Lakini alikwenda. Akalipa zloti 180 kwa kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na kikaratasi kimeandikwa *komar*. Muuzaji alimwambia maana yake mbu.

Sasa mimi ni mtu wa maabara. Miaka 14 nasoma slaidi za malaria hapa Tanga. Ukiniletea mbu umeniletea mtu ninayemfahamu.

Kwanza chumvi: kikaelea. Lakini chumvi peke yake haitoshi, kwa sababu sandarusi nayo huelea. Bibi yangu wa Pangani aliacha punje kadhaa za sandarusi kwenye kopo, nikatoa moja nikaiweka kando ya mzigo wa Gdańsk, kila kimoja nikakidondoshea asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Sandarusi ya bibi ilianza kunata kidoleni papo hapo. Kaharabu ilibaki kavu. Hapo ndipo zinapotofautiana: zote ni utomvu wa miti, ila sandarusi haijakomaa. Wazee walikuwa na neno la ile mbichi kabisa, chakazi, na wanunuzi wa Kizungu waliokuja kuifuata Unguja kwa ajili ya vanishi wakalishindwa, wakaligeuza likawa "jackass", jina la punda kwa Kiingereza. Na msandarusi wetu si mti wa kubezwa kwenye mambo haya. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, ambayo wadudu wake wanasifiwa kwa uwazi kuliko wa Baltiki, bahari ya huko Gdańsk, ilitoka kwenye mti ambao ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai leo ni huu huu wa pwani yetu.

Jioni, wagonjwa wameisha, nikakiweka chini ya hadubini. Mwanzoni nikaona ukungu tu, maana uso una mikwaruzo. Nikadondosha tone la mafuta yale ya kuzamishia lenzi tunayosomea damu, nikafunika na kioo chembamba, na ghafla ni kama mtu kafuta dirisha. Lenzi ndogo kabisa, ya kukuza mara 4, ilitosha. Macho yapo, na vijicho vyake unaweza kuvihesabu kama una subira. Miguu ina vinyweleo. Vipapasio vya kichwani vimechanua kama unyoya, kwa hiyo ni dume. Nikatafuta mrija wa kunyonyea, hakuna, mdomo ni mfupi. Nikatafuta magamba kwenye mishipa ya mabawa, hakuna, bawa ni tupu.

Si mbu. Ni jamaa wa wale wadudu wanaojaa kwenye taa kule Ziwa Victoria, wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Nilicheka peke yangu maabara nzima. Mdudu ana miaka milioni 40 hivi, na bado kahifadhika kiasi cha kumuumbua muuzaji.

Sasa kasoro, na hizi usizifiche ukimnunulia mtu zawadi. Ubavu mmoja umefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Huo ni unyevu na gesi zilizomtoka mdudu alipoanza kuoza ndani ya utomvu. Wauzaji huuona ni dosari na hushusha bei. Mimi ndio ulionifanya nikiamini kipande hiki, pamoja na vinywele vidogo vya mwaloni vyenye umbo la nyota vilivyotapakaa pembeni, ambavyo ni kawaida kwa kaharabu ya Baltiki. La pili: mguu mmoja ulifika juu ya uso, wakati wa kung'arisha wakaukata, na kilichobaki ni tundu. Ganda la nje lipo, ndani hewa. Wengi wa Baltiki ndivyo walivyo. Si wote, lakini: mwaka 1982 watafiti George Poinar na Roberta Hess walionyesha kwa hadubini ya elektroni seli za nzi wa kaharabu hiyo hiyo, kiini na mitokondria vikionekana.

Kijana wetu wa mafunzo akaniuliza kama tunaweza kutoa DNA. Hapana. Watafiti wa Manchester walijaribu mwaka 2013 kwa nyuki waliomo kwenye sandarusi ya Kolombia, changa mno ukilinganisha na hii, wakatoka mikono mitupu.

Na ukiona nimezidi kushuku, kumbuka Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Walikaa na nzi wao wa kaharabu kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alipokuwa akimtazama, joto la taa likafungua ufa. Mtu alikuwa amepasua kaharabu ya kweli, akachimba shimo, akamtia nzi wa chooni wa kawaida, akagundisha.

Nakipa nyota nne. Ya tano imekwenda na ule mguu. Kikaratasi nacho ni cha uongo, ila hilo nimemsamehe. Nakiweka kwenye kopo la giza, mbali na dirisha, maana jua na joto hukipasua.

Shemeji anarudi Gdańsk mwezi wa tisa. Safari hii nimempa lenzi yangu ya mkononi, na nimemchorea mdomo wa mbu nyuma ya risiti.