Kozi ya Jumamosi ya kupanda cheo benki, laki mbili na nusu: hela imeenda halali?

Jamani nimemaliza ile kozi ya Jumamosi nne ya watu wa benki, jina la kituo silitaji. Mi nina digrii ya biashara, mwaka wa tatu huu niko kaunta nahesabu hela za watu, nikasema ngoja nijilipue.

Jumamosi ya kwanza hamna kitu, jamaa anaimba tu jiaminini jiaminini, projekta inazima kila saa, andazi la baridi. Ila ya tatu aisee, akaja mama mmoja mstaafu wa idara ya mikopo, hana slaidi wala nini, katoa daftari la mahesabu la duka la vifaa vya ujenzi, haya mpeni mkopo au mnyimeni, tukampa wote, kumbe faida anayo ila hela yote iko mtaani kwa watu waliokopa saruji. Mkopo unalipwa kwa keshi bana!

Akatutajia James Mwangi wa benki ya Equity ya Kenya, digrii ya biashara (B.Com) ya Chuo Kikuu cha Nairobi na CPA, yani cheti cha uhasibu, kaingia 1993 kusimamia fedha wakati Equity iko hoi, ukurugenzi mkuu kaupata 2004, yani miaka 11. Na Ruth Zaipuna naye alikuwa mkuu wa fedha benki ya NMB kabla hajawa bosi 2020.

Cheti wamekosea jina langu, hadi leo nafuatilia. Nyota tatu, zote za yule mama. Mi nshajiandikisha mtihani wa NBAA, ile bodi ya wahasibu.