Toleo jipya la programu ya mikataba ya ujenzi: liko poa, ila kagua tarehe zako kabla hujashangilia

Haya ni kwa wenzangu wa mikataba ya ujenzi ambao bado mpo kwenye ile programu ya kufunga kwenye seva ya ofisini, ya kusajili barua, variesheni (mabadiliko ya kazi), vyeti vya malipo na madai, na wauzaji kila wiki wanawapigia simu mhamie toleo jipya la kwenye brauza. Sisi tumeshahama, na tumehama miradi ikiwa inaendelea, sio miradi mipya mitupu, kwa hiyo niliyoyaona ni ya vitendo. Jina la programu silitaji maana nina malalamiko na sitaki maneno na mtu, halafu mengi nitakayosema yanaweza kukukuta na programu yoyote ya aina hii. Mimi nipo upande wa mkandarasi, kwahiyo macho yangu yapo kwenye pesa na muda, aliye upande wa Injinia (anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwajiri, yaani mwenye mradi) anaweza akaona mengine.

Kwanza kuhama kwenyewe hakukuwa na hiari sana. Toleo la zamani lilikuwa linafunguka vizuri kwenye Internet Explorer tu, na Microsoft walishaiacha tangu tarehe 15 Juni 2022, tukawa tunasukuma siku kwa ile modi ya IE iliyomo ndani ya Edge. Seva nayo ilikuwa Windows Server 2012, ambayo msaada wake wa nyongeza (extended support) uliisha tarehe 10 Oktoba 2023, jamaa wa IT alikuwa hataki hata kuizima maana hana uhakika kama itawaka tena. Ukifika hapo unakuwa huchagui tena, unahama.

Sasa mazuri, maana yapo. Kitu kilichonifanya nilipende hili toleo ni jinsi linavyofunga mambo pamoja. Unafungua variesheni moja, pale pale unaona agizo la Injinia lililoianzisha, picha za saiti, mchanganuo wa bei tuliopeleka, bei iliyokubaliwa, na imeingia kwenye cheti namba ngapi na kwa kiasi gani. Zamani kupata hayo ulikuwa unafungua madirisha matano halafu bado unaenda kuuliza kwa mhasibu. Na ukibofya kiasi chochote kinakuonesha nani alikibadilisha, lini, kilikuwa ngapi kikawa ngapi. Hii ya mwisho mtu anaweza kuiona ndogo ila subiri ufike kwenye mgogoro, mtu wa upande wa pili anasema "hii bei hatujawahi kuikubali" na wewe unamwonesha siku na saa mtu wao mwenyewe alipobonyeza kukubali. Mimi kwa hilo tu nilikuwa tayari kusamehe mengi.

Utafutaji pia wa haraka, unaandika neno unapata barua hata kama lipo ndani ya PDF iliyoskaniwa (kama skani yenyewe inasomeka lakini, zile zilizopigwa na simu gizani usitegemee). Sabkontrakta nao wanaingia wenyewe kupakia ankara zao badala ya kutuma kwa WhatsApp halafu wewe ndo uanze kupanga.

Haya tuje kwenye tarehe, hapa ndo nataka mnisikilize.

Toleo la zamani lilikuwa linatunza tarehe kama tarehe tu, 14 Machi ni 14 Machi basi. Hili jipya linatunza tarehe pamoja na saa, kwahiyo wakati wa kuhamisha data kila tarehe ya zamani ikapewa saa sita usiku, halafu ikageuzwa kwenda saa za UTC, yaani saa za dunia zinazofuata Greenwich. Kama mpo mashariki ya Greenwich, saa sita usiku yenu kule bado ni jana yake, kwahiyo 14 Machi ikawa 13 Machi. Barua zote za zamani zimerudi nyuma siku moja! Na ukiangalia haraka haraka huoni kitu, maana zote zimerudi kwa pamoja, mpangilio uko vile vile. Tatizo linakuja ukichanganya tarehe iliyohamishwa na tarehe mpya uliyoingiza baada ya kuhama. Mfano tukio limetokea 14 Machi, notisi ya madai ikapelekwa 11 Aprili, hiyo ni siku ya 28 kamili, uko ndani ya muda. Lakini mfumo unahesabu kuanzia 13 Machi, unapata siku 29, unakuwekea alama nyekundu kwamba umechelewa, na kwa kuwa na upande wa Injinia wanaangalia skrini hiyo hiyo unajua kabisa nini kinafuata. Kwenye FIDIC (mkataba wa mfano wa ujenzi unaotumika kimataifa) ya toleo la 1999, kifungu cha 20.1, mkandarasi akipitisha zile siku 28 bila kutoa notisi hapati nyongeza ya muda na hapati pesa, sasa fikiria hoja hiyo anapewa mtu bure na kompyuta.

Watu wa huduma kwa wateja mwanzo walituambia ni "mipangilio ya laptop zenu". Sio. Tulipowatumia orodha ya barua na mihuri ya kupokelea ndo wakakubali, wakatuletea skripti ya kurekebisha, na ilifanya kazi, hilo niwape haki yao. Ila kama hakuna mtu aliyekaa akalinganisha mhuri wa karatasi na skrini, tungeendelea hivyo hivyo mpaka siku ya kesi.

La pili kwenye tarehe hizo hizo: kalenda. Toleo jipya likifungua mradi linakuja na kalenda ya siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, limeshaichagua lenyewe. Kwa ratiba ya kazi sawa, ila FIDIC inaposema siku inamaanisha siku ya kalenda, Jumapili imo na sikukuu imo. Ukiacha ilivyo, siku 28 za notisi zinageuka kuwa siku 38 mpaka 40 hivi za kweli, na mfumo unakuandikia kwa rangi ya kijani kabisa kwamba bado una wiki nzima wakati muda umeshapita. Ile alama nyekundu ya uongo angalau inakustua, hii ya kijani inakulaza usingizi. Nenda kwenye mipangilio ya mradi, tafuta kalenda ya mkataba (iko mbali na kalenda ya ratiba, wameificha huko chini), weka siku 7. Fanya mradi kwa mradi, ukiweka kwenye mipangilio ya jumla inashika miradi mipya tu.

Halafu kuna hizi templeti za mikataba, ambazo wauzaji wanazisifia sana kwenye maonesho yao. Ni kweli zimetengenezwa vizuri, tena kwa FIDIC ya 2017 zimeenda ndani. Notisi ina fomu yake tofauti na barua ya kawaida, na hiyo ni sahihi kabisa maana 2017 inataka notisi ijitambulishe kuwa ni notisi, sio umechomeka sentensi katikati ya barua ya kuulizia saruji. Inakuwekea siku 28 za notisi, siku 84 za kuleta madai yenye maelezo kamili, halafu kwa Injinia siku 42 za kujaribu kupatanisha pande mbili na 42 nyingine za kutoa uamuzi wake. Hata madai ya mwajiri inayabana na siku 28 sawa na ya mkandarasi, ambavyo ndivyo 2017 inavyotaka. Kwa wanaotumia NEC4 (mkataba mwingine wa mfano) kuna templeti yake pia, ile ya wiki 8 za kutaarifu, hiyo sijaigusa.

Lakini miradi yetu mingi ni ya 1999! Na kwenye 1999 madai kamili yanatakiwa ndani ya siku 42, sio 84. Mfumo wakati wa kuhamisha uliona neno FIDIC kwenye aina ya mkataba ukabandika templeti ya 2017 kwenye yote. Yaani mkataba uliosainiwa kwa kanuni moja unaendeshwa na saa ya kanuni nyingine, na hiyo tofauti ya siku 42 ndo ile mtu anayopumzika nayo akisubiri kumbukumbu za saiti zikamilike. Templeti ya 1999 ipo, ila lazima uichague kwa mkono, na ukishaichagua zile saa zilizokwisha kuanza hazijihesabu upya mpaka uzifunge na kuzifungua. Nani aliona hii ni sawa sijui. Na hata ukishaweka kila kitu vizuri kumbuka mfumo unahesabu kutoka tarehe uliyoandika wewe kama ya tukio, wakati mkataba unahesabu tangu ulipojua au ulipopaswa kujua. Hiyo ya pili hakuna programu itakayokujulia, ni wewe na meneja wa saiti mkae muelewane.

Pesa. Vyeti vya zamani vilihama vyote na jumla zake zilikuwa sahihi, isipokuwa kwenye retensheni (pesa inayozuiwa kwenye kila cheti kama dhamana). Toleo la zamani lilikuwa linatunza kiasi kilichokatwa kila cheti kama namba, hili jipya linatunza asilimia halafu linapiga hesabu upya kila ukifungua. Sasa mkataba wa 200,000,000 unaokata 10% kwa kikomo cha 5% ya thamani ya mkataba, makato yanatakiwa yasimame yakifika 10,000,000, yaani kazi ikifika 100,000,000 hukatwi tena. Kikomo hakikuhama. Kwahiyo kazi ikiwa 120,000,000 mfumo unaonesha umekatwa 12,000,000, na cheti kinachofuata kinatoka pungufu kwa hizo 2,000,000 bila mtu yeyote kukosea chochote. Kuna kisanduku cha kuandika kikomo, ukikijaza hesabu zinarudi sawa papo hapo. Chukua cheti cha mwisho kilicholipwa kwa kila mradi, linganisha mstari kwa mstari na kilichopo kwenye skrini mpya, usilinganishe jumla ya chini peke yake.

Viambatanisho: vilivyokuwa ndani ya databesi vimekuja, vilivyokuwa ni linki ya kwenda kwenye folda ya seva vimekuja jina tu, ukibofya hamna kitu. Uliza hili mapema kabla seva ya zamani haijazimwa, na ikiwezekana isizimwe kabisa mpaka mradi wa mwisho wa zamani upite kipindi cha kurekebisha kasoro.

Ripoti zote mlizojitengenezea wenyewe, sahauni. Hazihami, mnaanza upya kwa kitengeneza ripoti kipya ambacho ni kizuri ila kinataka mtu mwenye subira, na ile rejesta ya barua bado inachapika kwa kulala hata ukiambia isimame.

Muda wa kuhama ni jambo ambalo muuzaji hatakuambia maana yeye anataka afunge mauzo ya robo mwaka. Usihame katikati ya cheti. Kwenye FIDIC Injinia ana siku 28 za kutoa cheti cha muda tangu apokee maombi yako na vielelezo, na mwajiri ana siku 56 za kulipa zinazohesabiwa kutoka siku hiyo hiyo ya Injinia kupokea, kwahiyo ukiwa na maombi yaliyopelekwa kwenye toleo la zamani na cheti kinachotoka kwenye toleo jipya, tarehe ya kupokelewa inakuwa ya kubishania, na riba ya kuchelewa kulipwa inategemea hiyo tarehe. Sisi tuliwaandikia Injinia na mwajiri kabisa, tukakubaliana kwa barua kwamba kuanzia siku fulani mawasiliano rasmi yanapita huku, na kabla ya hapo rekodi inayotambulika ni ya zamani. Angalieni mkataba wenu unasemaje kuhusu mfumo wa kielektroniki wa mawasiliano, kama umetaja ule wa zamani kwa jina basi barua hiyo ni ya lazima.

Ningeipa nyota nne kwa programu yenyewe na mbili kwa kazi ya kuhamisha data. Mafunzo waliyotupa yalikuwa ya kubofya hapa bofya pale, mkufunzi hajawahi kuona cheti cha malipo maishani mwake, ukimuuliza retensheni anakuambia atarudi na jibu. Ombeni mtu anayejua mikataba na mlitie kwenye makubaliano kabla ya kulipa. Leseni ni kwa kila mtu anayeingia, sabkontrakta wa kupakia ankara tu hahesabiwi, ila ukimpa ruhusa ya kujibu barua anahesabiwa. Na ya kwenye simu inasoma vizuri lakini msiitumie kutoa notisi, mtandao ukikatika inakuandikia "imehifadhiwa" wakati haijaenda popote.