Uzoefu wangu na ukurasa wa time_t: kilo sifuri pale Mwaloni

Risiti ilitoka na tarehe sahihi, saa sahihi mpaka sekunde, na uzito wa kilo 0. Gunia la dagaa lilikuwa bado juu ya mizani. Mama mwenye mzigo akaigeuza ile karatasi huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, yaani hapa nimeleta hewa?" Nikamwambia, "Nivumilie kidogo mama," nikavuta laptopu.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya ile mizani, kwa lugha ya C. Inakaa kwenye kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM ya biti 32 iliyofungwa chini ya meza, na kazi yake ni kuchukua kilo, kuweka saa na kutoa risiti. Ilifanya kazi bila shida mpaka wiki ile nilipobadilisha mfumo wote wa kifaa, nikaweka mpya unaotumia maktaba ya musl, yaani msimbo wa msingi ambao programu za C huutegemea. Nyumbani Nyegezi nilikuwa nimeijaribu kwenye laptopu, kila kitu safi. Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ikaniaibisha mbele za watu, na foleni ya magunia nyuma yangu.

Ninachokisifia leo ni kurasa za mwongozo za Linux, zile unazofungua kwa kuandika man kwenye terminali, hasa ukurasa wa time_t, aina ya data ambayo C hutumia kubeba saa na tarehe. Ni bure, na ukishasakinisha zinakaa kwenye mashine yako. Bando liishe, umeme ukatike, ukurasa upo ilimradi betri ipo. Kwa mtu anayekarabati kitu katikati ya mwalo, hilo peke yake ni nyota moja.

Ukurasa wenyewe ni mfupi. Unasema time_t ni ya kuhifadhi muda kwa sekunde, na kwamba kwa mujibu wa POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo kama Linux, ni namba kamili. Basi. Hausemi ni long (aina ya kawaida ya namba kamili kwenye C), hausemi ni biti 32 wala 64. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona wamenificha jibu. Niliposoma tena nikaelewa kwamba ule ukimya ndio jibu lenyewe: hakuna aliyewahi kuniahidi kwamba time_t ni long. Niliidhania tu, kwa sababu kila mashine niliyowahi kushika ilikuwa hivyo. Chini kidogo wanasema kwenye baadhi ya mashine upana wake unaweza kubadilishwa kwa _TIME_BITS, mpangilio unaouweka unapojenga programu. Hapo ndipo nilipoacha kuulaumu waya wa mizani.

Mstari wangu ulikuwa fprintf, amri ya C ya kuchapa, yenye "%ld %d": kwanza saa kama long (%ld), kisha kilo kama namba kamili ya kawaida (%d). Tangu toleo la 1.2.0 la mwaka 2020, musl ilifanya time_t kuwa ya biti 64 hata kwenye mashine za biti 32. Kwenye ARM yangu, long bado ni biti 32. Kwa hiyo saa ilipanda kwenye rejista mbili (vyumba vidogo vya namba ndani ya prosesa, kila kimoja biti 32), r2 na r3, na kilo zikasukumwa pembeni. %ld ikasoma r2, ikapata nusu ya chini ya saa, ambayo kwa miaka hii ndiyo saa yote. %d ikaenda kuchukua kilo, ikakuta r3, nusu ya juu ya saa ileile. Nusu hiyo ni sifuri. Ndiyo maana risiti ilikuwa na ukweli mtupu upande mmoja na uongo mtupu upande wa pili. Laptopu ni ya biti 64, huko long na time_t zinalingana, ndiyo maana haikuniambia kitu.

(Kompaila, programu inayogeuza msimbo wangu kuwa programu ya mashine, ingeniambia. Ingetoa onyo la wazi kabisa. Ila nilikuwa nimezima maonyo kwa sababu yalikuwa yananijazia skrini. Naomba tusiendelee na hiyo mada.)

Dawa nayo imo humohumo, lakini si kwenye ukurasa wa time_t. Ufungue ukurasa mwingine wa aina za data: ukitaka kuchapa aina ya namba kamili isiyo na herufi yake kwenye printf, igeuze kwanza iwe intmax_t, aina pana ya namba kamili, kisha uchape kwa herufi zake, %jd. Nilibadilisha mstari mmoja, nikajenga upya, nikabonyeza kitufe, na mama akapata kilo zake. Alizihesabu mara mbili, simlaumu.

Tukiwa hapo, kuna sababu watu waliupanua huu muda. Biti 32 zenye alama (zinazobeba namba chanya na hasi) zinaishia kwenye sekunde ya 2147483647, kuhesabu kutoka mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC, zile za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kwa saa zetu hiyo ni Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Ni asubuhi ya kawaida ya watu kushusha mzigo. Na mwanzo wenyewe wa hesabu huku kwetu unasomeka saa 9 usiku. Ukiona risiti ya mwaka 1970 saa 9 usiku, badilisha betri ya saa ya kifaa.

Sasa malalamiko. Moja, ukurasa wa time_t hauna mfano wa kuchapa hapo hapo. Unaruka mpaka ukurasa mwingine, na mtu mwenye foleni mbele yake haruki vizuri. Pili, ni Kiingereza kikavu, na ukiwa hujazoea POSIX utadhani unasoma mkataba. Tatu, na hili liliniuma zaidi, wanakuelekeza kuchapa lakini hawakukumbushi habari ya kuhifadhi. Mimi nilikuwa naandika struct nzima, yaani fungu la saa na kilo pamoja, kwenye faili kama ilivyo. Zamani rekodi moja ilikuwa baiti 8: nne za saa, nne za kilo. Baada ya mfumo mpya ikawa 16, maana saa imekuwa nane na kompaila ikaongeza nne tupu mwishoni ili ipange vizuri. Programu mpya ikafungua faili la zamani na kusoma rekodi mbili kama moja. Hilo niligundua usiku wake, nikiwa nyumbani.

Jumamosi nzima niliimaliza nikiandika kiprogramu cha kusoma baiti nane nane na kuzihamishia kwenye faili jipya, lenye int64_t (biti 64 daima) kwa saa na int32_t (biti 32 daima) kwa kilo, kila moja ikiandikwa peke yake. Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nitatoa siku watakapoweka mfano wa %jd kwenye ukurasa wenyewe.