Vidonge vya magoti: nimemaliza makopo matatu

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 63, goti la kulia limesagika. Duka moja la dawa hapa Tanga liliniuzia kopo la glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya magoti, kwa shilingi 65,000, muuzaji akiapa kwamba gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa ya goti isisagane, litaota upya.

Vidonge ni vikubwa kama kokwa za tende, vinakwaruza koo. Nilimeza viwili kila asubuhi. Tumbo halikunisumbua, lakini maumivu yalibaki palepale. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa Marekani wa 2006 uliohusisha wagonjwa 1,583: kwa jumla, dawa hizi hazikutuliza maumivu kuzidi vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani. Iliniuma, maana hela ile ni ya pensheni.

Kilichonisaidia ni mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinikalisha kitini, akanifunga mfuko wa mchanga wa kilo moja kifundoni: nyoosha mguu polepole, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza paja lilitetemeka kama jani. Ya nane nilishuka ngazi bila kushika ukuta! Nimepungua kilo sita pia, na kila kilo inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Siku likivimba napaka jeli ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe.

Vidonge navipa nyota mbili kati ya tano. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza, vinaweza kugongana. Kopo la nne sinunui.