Eginogi ya kuagiza kwa ajili ya Krismasi jijini Mbeya: tathmini ya lita tano

Mwaka huu ilikuwa zamu yangu kuipokea familia siku ya Krismasi, nyumbani kwangu Ilomba, na kwa kuwa Desemba ya Mbeya ni mwezi wa mvua, ambapo jioni ukungu hushuka kutoka mlima Loleza hadi nyumba ya jirani isionekane, nilitafuta kinywaji kinachofaa hali hiyo ya hewa kuliko soda za baridi ambazo kila mwaka hubaki nusu kreti. Nilimwagiza dada mmoja wa Forest Mpya, ambaye kazi yake ya kawaida ni kuoka keki za harusi na za kipaimara, lakini kila inapofika Desemba hupokea pia oda za eginogi. Nilichukua lita tano: lita tatu zenye ramu kwa shilingi 22,000 kila lita, na lita mbili zisizo na kilevi kwa shilingi 15,000 kila lita, jumla shilingi 96,000.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuionja, eginogi ni maziwa na krimu yanayopikwa pamoja na viini vya mayai na sukari hadi yawe mazito kiasi cha kugandia mgongoni mwa mwiko, kisha yakapoozwa na kunyunyiziwa kungumanga. Watu wazima huongezewa ramu, brandi au wiski. Asili yake huhusishwa na kinywaji cha moto cha Uingereza ya zamani, kilichochanganya maziwa na mvinyo au bia, ambacho katika karne ya 18 kilipokelewa kwa furaha katika makoloni ya Marekani kwa sababu wakulima wa huko walikuwa na maziwa na mayai tele, na ramu kutoka visiwa vya Karibi ilipatikana kwa bei nafuu. Ni kinywaji cha mahali penye ng'ombe, kuku na baridi, na mtu aliyekulia Rungwe hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kabla ya kulipa malipo ya awali niliomba nione anavyopika, kwa kuwa suala la mayai mabichi lilinitia wasiwasi, hasa nikifikiria mama yangu mwenye umri mkubwa na mdogo wangu mwenye ujauzito. Alinikaribisha bila kinyongo. Maziwa aliyatumia ya siku hiyo hiyo, yaliyoletwa asubuhi kutoka upande wa Tukuyu, na krimu aliipata kwa njia ambayo bibi zetu wanaijua: maziwa ya jana yalichemshwa, yakaachwa usiku kucha yakiwa yamefunikwa mahali penye ubaridi, na asubuhi akaukusanya utando mzito uliokuwa juu. Viini kumi na viwili alivipiga na sukari hadi vikageuka rangi na kuwa vyeupe kidogo, ndipo akavimiminia maziwa ya moto kidogo kidogo huku mkono wa pili ukiendelea kukoroga, kwa maana maziwa ya moto yakimwagwa yote kwa mara moja huyaivisha mayai palepale, yakawa kama mayai ya kuvuruga. Mchanganyiko ule aliurudisha jikoni katika bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, ili moto usiuguse moja kwa moja.

Hapo ndipo aliponishawishi kabisa. Alikuwa na kipimajoto cha jikoni, naye alisubiri hadi kikapita nyuzi 71 za Selsiasi, kiwango ambacho bakteria wa salmonela hawahimili, akaushusha mchanganyiko kabla haujafika nyuzi 85, ambapo mayai hukatika na kuwa vibonge. Wapo wanaoamini kwamba ramu yenyewe inatosha kuyasafisha mayai mabichi. Imani hiyo ni ya hatari, na ningependa kila anayejaribu kinywaji hiki nyumbani aiache, kwa sababu kiasi cha kilevi kinachobaki katika glasi ni kidogo mno kufanya kazi hiyo. Yeye aliweka nusu lita ya ramu yenye asilimia 40 katika lita tatu na robo hivi za mchanganyiko wote, na ukikokotoa unapata kama asilimia 6. Ramu aliitia baada ya mchanganyiko kupoa, jambo ambalo ni sahihi, kwa kuwa ikitiwa jikoni sehemu ya kilevi hupotea na mvuke.

Sasa nizungumzie ladha, ambayo ndiyo watu huniuliza. Eginogi hii ni nzito bila kukinaisha. Utamu wake umepimwa, na mtu anaweza kumaliza glasi na bado akatamani pilau. Maziwa yenyewe yanasikika mdomoni, kitu ambacho maziwa ya unga hayawezi kutoa hata yakikorogwa mazito vipi. Ramu ya kahawia ina harufu ya sukari iliyoungua, na harufu hiyo huungana vizuri na vanila na mdalasini. Mwaka juzi nilijaribu mwenyewe kwa pombe kali nyeupe, na matokeo yalikuwa ukali mtupu uliosimama peke yake juu ya maziwa. Dada huyo hasagi kungumanga mapema. Hununua zile nzima pale soko la Mwanjelwa na kukwangua dakika ya mwisho, na tofauti yake na ile ya kopo iliyokaa dukani miezi kadhaa ni kubwa kiasi kwamba nimebadili utaratibu wa jikoni kwangu kwa sababu hiyo. Shangazi yangu, aliyetoka Tukuyu na ambaye hasifu chakula cha kununua kwa urahisi, alimaliza glasi yake polepole, akairudisha mezani na kusema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Shemeji yetu wa Iringa, mtu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliiona tamu mno kwa glasi ya kwanza, lakini aliomba ya pili.

Hata hivyo, kuna dosari moja ambayo siwezi kuipitia kwa haraka. Chupa zote tano zilikuwa za aina moja, zenye kifuniko cheupe na utepe mwekundu, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama ina kilevi au haina. Nilizitambua kwa kunusa tu, mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama jikoni na watoto saba wakisubiri kumiminiwa. Kinywaji hiki kinaficha kilevi chake: glasi moja ya mililita 200 ina mililita 12 za alkoholi, kwa hiyo glasi mbili zinakaribia bia ya nusu lita yenye asilimia 5, ilhali mdomoni hakuna onyo lolote ila utamu. Kule Marekani, usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1826, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point walikunywa eginogi iliyotiwa wiski waliyoiingiza kwa siri hadi wakazua ghasia kubwa chuoni, na wale walikuwa vijana wakubwa waliojua wanachokunywa. Katika familia yetu wapo Wamoravian wasiogusa kilevi, wapo waliookoka, na yupo mke wa kaka yangu ambaye ni Mwislamu, na wote walikuja wakiamini kwamba nitawapa kitu salama. Nilimpigia simu mpishi siku iliyofuata nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba radhi, akasema, "Mama, hilo ni kosa langu, nitatafuta vifuniko vya rangi mbili." Ningeomba pia kila chupa iandikwe kwamba ina mayai na maziwa, kwa ajili ya wenye mzio, pamoja na tarehe ya kupikwa.

Tarehe ina umuhimu wake. Chupa moja isiyo na kilevi ilibaki hadi siku ya tatu, na baada ya umeme kukatika kwa saa kadhaa ilianza kujitenga, maji chini na mafuta juu. Niliimwaga. Zile zenye ramu hazikufika siku ya pili, kwa hiyo sina la kusema juu yake. Ushauri wangu ni kuagiza kiasi cha kumalizwa siku hiyo hiyo, nusu glasi hadi glasi moja kwa kila mgeni, kwa kuwa hakuna anayekunywa eginogi kama chai.

Kuhusu bei, nilipiga hesabu ya maziwa, mayai, ramu na viungo kwa bei za Mwanjelwa, nikaona kwamba faida anayobaki nayo ni ya haki kwa kazi ya saa tatu za kusimama jikoni. Anayetaka kuokoa fedha anaweza kupika mwenyewe kwa utaratibu nilioueleza, mradi awe na kipimajoto na subira. Ukimtumia yeye, agiza wiki moja kabla, kwa sababu kuanzia tarehe 20 Desemba jiko lake hujaa keki na hapokei oda mpya. Utoaji wa mzigo ulikuwa wa kuridhisha: bodaboda ilifika na mvua kubwa saa nne asubuhi kama tulivyopatana, chupa zikiwa zimefungwa ndani ya boksi lenye barafu.

Kwa mwaka mpya nimeagiza lita mbili nyingine, moja ya kila aina. Jana jioni alinitumia picha ya chupa: ile yenye ramu ina kifuniko chekundu na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, "INA KILEVI, SI YA WATOTO."