Sannai-Maruyama, Japani: kwa wanaoijua Kaole

Aliyezoea magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, na misikiti na makaburi yake ya mawe ya matumbawe, akifika Sannai-Maruyama, mabaki ya kijiji cha kale mjini Aomori, atauliza magofu yenyewe yako wapi. Hayapo. Watu wa Jomon, wawindaji na wakusanyaji wa kale wa Japani, waliishi hapa takriban miaka 5,900 hadi 4,200 iliyopita na walijenga kwa miti, kwa hiyo ardhini yamebaki mashimo. Mapaa yote unayoyaona ni ya kujengwa upya.

Lakini mashimo hayo ndiyo uhondo. Mashimo sita ya jengo kubwa la nguzo yana upana wa mita 2 na kina cha mita 2, na kati ya nguzo na nguzo ni mita 4.2. Ndani vilikutwa visiki vya nguzo za mti wa chestinati, unene karibu mita 1. Havikuoza kwa sababu ncha zilichomwa moto kabla ya kusimikwa, kisha maji ya ardhini yakazuia hewa. Fundi wa Bagamoyo anayepaka boriti oili chafu hahitaji mkalimani hapo. Jengo hilo lililojengwa upya lina kimo cha mita 14.7, na miti yake ilitoka Urusi. Zile sakafu tatu bila paa usizichukulie kuwa ushahidi. Ni maafikiano ya wataalamu waliobishana.

Nyumba za shimo unaingia kwa kuinama. Sakafu imechimbwa chini ya usawa wa ardhi, paa linashuka hadi chini, hakuna ukuta wa kukandika. Linganisha paa la nyasi, la gome na la udongo. La udongo hutunza joto, ila hushika unyevu. Kasoro ya nyumba za maonyesho ni usafi: pasipopikwa kila siku hakuna moshi wa kukausha paa na kufukuza wadudu, kama ajuavyo yeyote mwenye jiko la makuti. Ile nyumba ndefu ya mita 32 usiikose.

Ukumbini tafuta kikoba cha gome kilichokutwa na nusu ganda la jozi. Wasukaji wa ukili watakaa hapo zaidi kuliko kwenye vyungu.

Kuna kiingilio. Jumatatu ya nne ya mwezi hufungwa. Basi kutoka stesheni ya Aomori huchukua kama dakika 40. Epuka Desemba hadi Machi, theluji hufunika kila kitu.

Nyota nne. Kaole nako kunahitaji nyumba moja ya miti na udongo, maana walioishi nje ya majengo ya mawe hawaonekani kabisa.