Milango ya rangi inayofunguka ndani ya simu

Duka moja la sanaa huko Hurumzi, Mji Mkongwe, linauza picha zilizochorwa kwa mkono ambazo hupata uhai pindi mtu anapozielekezea simu. Teknolojia yenyewe, ambayo wataalamu huiita uhalisia ulioongezwa, hufanya kazi kwa kamera kutafuta pembe na ncha zilizomo katika picha, kuzilinganisha na nakala iliyohifadhiwa kwenye mtandao, kisha kulaza katuni fupi juu ya mchoro, nayo ikaufuata mchoro huo hata pale mkono wa mtazamaji unaposogea.

Picha iliyonivutia zaidi ni ya mlango wa nakshi. Nilitarajia programu ibabaike, kwa kuwa mapambo yanayojirudia huichanganya kamera, lakini iliutambua mlango mara moja. Sababu, kwa maoni yangu, ni mkono wa mchoraji: hakuna yungiyungi lililolingana kabisa na jirani yake, mnyororo wa pembeni unanenepa na kukonda, na misumari ya shaba haikukaa katika mstari ulionyooka. Kasoro hizo ndogo, ambazo mashine ya kuchapa isingezitoa, ndizo zinazoipa kamera mahali pa kushika. Picha ya jahazi iliyotundikwa kando yake ina bahari pana ya buluu tupu, na simu ilipokaribia mno maji, katuni ilikatika.

Mchoraji anaijua milango yetu. Sina hakika kwamba mtengenezaji wa katuni anaijua. Katika simu mbao zote mbili zinafunguka kuelekea barabarani, ilhali milango ya Unguja husukumwa ndani, na katika katuni mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, unabaki umesimama peke yake, ingawa kwa kweli umegongomewa kwenye ubao mmoja na huondoka pamoja nao. Mgeni hataliona hilo. Mtu aliyekulia nyuma ya mlango wa aina hiyo ataliona kabla ya kitu kingine chochote, na inasikitisha kwamba kazi iliyofanywa kwa subira kubwa kiasi hicho imevikwa katuni ya haraka.

Wauzaji ni wakarimu na huonyesha kila kitu bila haraka. Ninamshauri mnunuzi achukue picha isiyo na kioo, kwa maana mwanga wa dirishani ukiakisika juu yake kamera haioni kitu.

Bei imezidi ile ya picha za kawaida za mtaani, na ziada hiyo naikubali kwa ajili ya brashi, si kwa ajili ya katuni. Katuni haimo ndani ya kitambaa kilichochorwa picha. Imo kwenye mtandao, na itaonekana kwa muda wote ambao kuna mtu anayelipia hifadhi yake. Ni nani anayeilipia, na kwa miaka mingapi, ni swali la kuulizwa dukani kabla ya picha kufungwa.